Namna Seli Zinavyozaa na Kugawa Urithi



Kila katekista anayetayarisha vijana kwa ndoa amekwisha kusikia maneno haya, ama atayasikia. Mume na mke wamezaa watoto watano, wote wasichana. Ndugu za mume wanamwita pembeni: «Mwanamke huyu hana mtoto mwanaume ndani ya tumbo lake. Tafuta mwingine.» Pengine ni hivi: mtoto anashikwa na maumivu ya mifupa, macho yanakuwa ya manjano, damu inapunguka, anakufa angali mdogo. Wa pili vilevile. Basi jamaa wanaanza kumtafuta mlozi, na mara nyingi wanamwona palepale nyumbani: ni nyanya mzee, ama mama mwenyewe.

Kuwajibu watu hao «Msifanye hivyo, ni vibaya» hakutoshi. Inafaa kuwaonyesha mambo yanavyotendeka kweli ndani ya mwili. Nayo yanatendeka pahali padogo sana, panapoitwa seli. Tuyatazame polepole.

Kiini na nyuzi zake

Mwili wa mtu, jani la muhogo, mguu wa kuku, vyote vimejengwa kwa seli, kama nyumba inavyojengwa kwa matofali. Lakini tofali halizai tofali, na seli inazaa seli. Hakuna seli inayotokea yenyewe katika matope ama maji. Kila moja ina mama yake, na mama yake ana mama yake. Kazi hiyo haipumziki. Ndani ya mifupa yetu, chembe nyekundu za damu kama milioni 2 zinafanywa kila sekunde, usiku na mchana, hata sasa unaposoma.

Ndani ya seli kuna kiini, na ndani ya kiini kuna nyuzi. Wenye elimu wa karne ya 19 walikuwa wakitia rangi katika seli ili wazione vizuri kwa mikroskopi, nyuzi hizo zikaishika rangi kuliko vitu vingine vyote. Mjerumani Waldeyer akaziita kromozomu mwaka 1888. Waseminari waliosoma Kigriki kidogo hawatashindwa na jina hilo: khroma ni rangi, soma ni mwili.

Mtu ana kromozomu 46 katika kiini cha seli. Hesabu hiyo ilipatikana kwa hakika mwaka 1955, ikatangazwa mwaka 1956, na mabwana wawili waliofanya kazi Lund katika inchi ya Uswidi, Tjio na Levan. Mbele yao vitabu vilisema 48 kwa miaka zaidi ya 30, na wengi waliochungulia katika mikroskopi walihesabu 48, kwani ndiyo hesabu waliyofundishwa kuitazamia.

Tuzifananishe kromozomu na vitabu. Katika sanduku la kila seli mna vitabu 46: 23 vilitoka kwa baba, 23 vilitoka kwa mama. Kitabu cha kwanza cha baba kina mwenzake, kitabu cha kwanza cha mama. Cha pili na cha pili. Hivyo mpaka mwisho. Wenzi hao wana sura zilezile, katika utaratibu uleule, ila hapa na pale neno moja ni tofauti. Wino wake ni ADN, na kila fungu lenye kufundisha seli kazi moja linaitwa jeni.

Mgawanyo wa sawasawa

Ngozi ikichanika inapona, mtoto anakomaa, jani linakuwa pana. Kwa kazi hizo zote seli moja inafanya mbili, nazo zinafanana kabisa na mama yao. Mgawanyo huu unaitwa mitozi, kutoka Kigriki mitos, maana yake uzi. Walther Flemming wa Kiel, Ujerumani, ndiye aliyeueleza vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1882, baada ya kutazama sana seli za salamanda, mnyama anayefanana na mjusi lakini ngozi yake ni ya chura.

Kabla ya kugawanyika, seli inanakili vitabu vyote 46, neno kwa neno. Kila nakala inabaki imefungwa na asili yake pahali pamoja, kama mapacha walioshikana kiunoni. Kisha nyuzi zinajikunja, zinakuwa fupi na nene. Ndipo mikroskopi inaweza kuzionyesha vema. Ngozi ya kiini inayeyuka. Kromozomu zinajipanga katikati ya seli, na kamba nyembamba sana zinatoka pande mbili kuja kuzishika. Halafu pacha mmoja anavutwa huku, mwenzake anavutwa kule, na seli inakatika katikati. Kila upande una 46.

Jambo moja hapa linastahili kuangaliwa. Seli haianzi kuvuta mpaka kila kromozomu imeshikwa pande zote mbili. Ikibaki moja tu ambayo haijashikwa vizuri, nyingine zote zinangoja. Mwandishi wa parokia anayenakili kitabu cha Ubatizo angefanya vema kuwa na uangalifu kama huo.

Mitozi haigusi urithi. Ndiyo sababu mama wa Kivu anayetaka ndizi za kasiksi anachimba chipukizi la mgomba wa kasiksi na kulipanda, bila shaka yoyote. Chipukizi ni mgomba uleule, umeendelea pahali pengine. Kijiti cha muhogo ni vilevile. Faida yake twaijua. Hatari yake tumeijua hasa tangu miaka ya mwanzo ya 2000, ugonjwa wa mnyauko ulipoonekana katika migomba ya Masisi. Bakteria yake inasafiri kwa kisu cha kukatia majani na kwa wadudu wanaotembelea maua. Shamba zima lina vitabu vya namna moja, bila hata neno moja tofauti. Adui anayeuweza mgomba mmoja anaiweza yote.

Mnyoo wa farasi

Lakini sasa swali. Mtoto anatokea kwa seli mbili zilizoungana, yai la mama na mbegu ya baba. Kama kila moja ingekuwa na kromozomu 46, mtoto angekuwa na 92, mjukuu 184, kitukuu 368. Sanduku lingepasuka. Sherti pawe na pahali ambapo hesabu inapunguzwa.

Jibu liliandikwa katika mnyoo anayekaa ndani ya utumbo wa farasi. Aliyelisoma ni Édouard van Beneden, mwalimu wa universite ya Liège, Ubelgiji. Si mnyama mzuri wa kutazama, lakini Van Beneden alichagua kwa akili. Mnyoo huyo ana kromozomu 4 tu, tena ni kubwa. Ni rahisi kuhesabu 4 kuliko kuhesabu 46! Mwaka 1883 alitangaza aliyoyaona: yai linaleta kromozomu 2, mbegu inaleta 2, na seli ya kwanza ya mnyoo mpya ina 4. Nusu kwa baba, nusu kwa mama.

Waseminari wa filozofia wanakumbuka Aristoteli alivyofundisha: baba anatoa umbo, mama anatoa malighafi tu, kama udongo mikononi mwa mfinyanzi. Mtakatifu Tomasi aliipokea elimu hiyo, kwa kuwa wakati wake hapakuwa na nyingine iliyo bora. Watu wetu nao wanasema mwanamke ni shamba na mwanaume ndiye mwenye mbegu. Mnyoo wa farasi ameyakataa maneno hayo. Katika vitabu vya kiini, mama analeta hesabu ileile ya baba. Na tukihesabu vitu vingine vyote vilivyo ndani ya yai, chakula na viwanda vidogo vya nguvu vya seli, mama analeta zaidi.

Mgawanyo wa nusu

Mgawanyo unaopunguza unaitwa meyozi, na kwa Kigriki maana yake ni hiyohiyo, kupunguza. Unafanyika katika viungo vya uzazi tu. Seli inaanza kama katika mitozi, kwa kunakili vitabu vyote. Lakini baadaye inafanya jambo ambalo mitozi haifanyi: kila kitabu cha baba kinamtafuta mwenzake wa mama, vinasimama ubavu kwa ubavu. Kisha wenzi hao wanaachana, mmoja huku na mwingine kule. Kwa mgawanyo wa pili, asili na nakala yake zinaachana nazo. Mwishoni pana seli nne, kila moja ina vitabu 23, kimoja cha kila namna.

Nani anakwenda upande gani? Hakuna anayeamua. Kitabu cha kwanza cha baba kinaweza kwenda kuume, cha pili cha baba kushoto, na hivyo vyote 23. Ukizidisha 2 kwa 2 mara 23 unapata njia 8.388.608. Hivyo baba mmoja anaweza kutoa mbegu za namna zaidi ya milioni 8, na mama mayai ya namna nyingi kama hizo. Basi usishangae watoto wa tumbo moja wanapotofautiana, wala mjukuu anapozaliwa na pua ya babu ambayo baba yake hakuwa nayo.

Na hesabu hiyo ni ndogo kuliko ukweli, kwa sababu ya jambo lililofahamiwa na padri. Louvain palikuwa na nyumba ya elimu ya seli iliyoanzishwa na Padri Jean-Baptiste Carnoy; mwaka 1884 alianzisha pia gazeti la elimu hiyo, La Cellule. (Carnoy na Van Beneden hawakupatana juu ya minyoo, wakajibizana kwa ukali. Watu wa elimu nao ni watu.) Baada yake Kanoniko Frans Alfons Janssens alitazama wenzi wa kromozomu walivyosimama pamoja katika seli za salamanda, akaona wanapishana kama msalaba. Mwaka 1909 aliandika kwamba katika msalaba huo nyuzi zinakatika na kuungana upya: kurasa za kitabu cha baba zinaingia katika kitabu cha mama, na za mama katika cha baba. Wengi hawakumsadiki, hata Louvain kwenyewe. Lakini Thomas Hunt Morgan, aliyekuwa akifuga inzi wadogo wa matunda New York, aliona kwamba neno la Janssens linaeleza hesabu za inzi wake. Mwaka 1931 mabibi wawili wa Marekani, Harriet Creighton na Barbara McClintock, walilihakikisha katika kromozomu za mahindi. Janssens alikuwa amekwisha kufa mwaka 1924.

Wengi wanajua jina la Mendel mtawa na njegere zake. Jina la Janssens ni wachache wanaolijua, hata katika seminari zetu, nami naona si haki.

Meyozi si kazi rahisi, na pengine inakosea. Kwa mwanaume inaanza anapobalehe. Kwa mwanamke inaanza yeye mwenyewe angali ndani ya tumbo la mama yake. Kisha inasimama katikati, inangoja miaka 15, 30, 40, mpaka siku yai linapokomaa. Wakati mwingine, baada ya kungoja sana, wenzi wawili hawaachani, na yai linapata vitabu viwili pahali pa kimoja. Mwaka 1959 Lejeune, Gautier na Turpin wa Paris walitangaza kwamba watoto wanaozaliwa na macho ya mshazari na akili nzito, wenye hali tunayoiita trizomi 21, wana kromozomu 47. Kwa mama wa miaka 40 jambo hilo linapata karibu mtoto 1 katika 100; kwa mama kijana ni mara chache sana. Hapa hapana ulozi, wala laana ya wakubwa.

Migomba yetu nayo inaonyesha meyozi inavyoweza kushindwa. Mgomba wa kasiksi na mgomba wa ndizi za kupika ina kromozomu 33, maana yake vitabu 11, kila kimoja mara tatu. Wakati wa kutafuta mwenzi, watatu wanakutana pahali pa wawili. Mmoja anabaki peke yake, anavutwa popote. Mayai na mbegu zinazotoka hapo karibu zote zimeharibika. Ndizi inavimba na kuiva bila mbegu, na mgomba unabaki na chipukizi tu.

Nani anachagua msichana ama mvulana?

Turudi sasa kwa wale ndugu za mume. Katika jozi 23, moja ni ya kuamua mtoto atakuwa msichana ama mvulana. Mama ana X mbili. Baba ana X moja na Y moja, ambayo ni fupi. Bibi Nettie Stevens wa Marekani aliliona jambo hili mwaka 1905 katika mdudu anayekaa ndani ya unga. Kwa meyozi, kila yai la mama linapata X, hapana njia nyingine. Mbegu za baba, nusu zina X, nusu zina Y. Yai likipata mbegu ya X ni msichana. Likipata ya Y ni mvulana.

Basi kumfukuza mke kwa kukosa wavulana ni kumdai kitu asichokuwa nacho mkononi. Wala tusimgeuzie mume lawama, kwani hata yeye hachagui mbegu gani itafika mbele. Chukueni nyumba 32, kila moja yenye watoto watano: kwa hesabu, karibu moja itakuwa na wasichana tupu, na moja wavulana tupu. Katika kijiji kikubwa sherti wawepo.

Kutoka mungazi mpaka damu

Ugonjwa wa mifupa na damu, ambao munganga anauita drepanositozi na watu wanauita SS, unafahamika upesi kwa mtu anayeufahamu mungazi. Kuna mingazi ambayo kokwa lake lina ganda nene, nayo inatoa mawese kidogo. Kuna yenye ganda jembamba na nyama nyingi, ndiyo inayotafutwa na wakulima. Kuna pia isiyo na ganda, lakini hiyo mara nyingi haikomazi matunda. Zamani mkulima aliyepanda mbegu za mungazi wa ganda jembamba alishangaa: mingine ilitoka na ganda nene, mingine tasa. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen, katika mashamba ya utafiti ya Yangambi, walieleza sababu. Mungazi wa ganda jembamba ni mchanganyiko: katika jozi moja, kromozomu moja ina neno «ganda», mwenzake hana. Ukioanisha miwili ya namna hiyo, meyozi inagawa: robo watakuwa na «ganda» mara mbili, nusu watachanganya kama wazazi wao, robo hawatakuwa na ganda kabisa. Kwa hiyo mbegu zinazouzwa zinatoka kwa mungazi wa ganda nene ulioanishwa na ule usio na ganda. Watoto wote ni mchanganyiko, wote wana ganda jembamba.

Sasa damu. Katika kromozomu ya 11 kuna jeni inayofundisha seli kufanya rangi nyekundu ya damu. Jeni ya kawaida tuiite A. Iko nyingine yenye neno moja tofauti, tuiite S. Mtu aliyepata A kwa mzazi mmoja na S kwa mwingine ni AS: kwa kawaida ni mzima, anafanya kazi, wala hajui kitu. Aliyepata S mara mbili ni SS: chembe za damu yake zinakunjika kama mundu, zinaziba mishipa, zinakufa haraka.

Katika sehemu nyingi za Kongo mtu mmoja katika wanne ama watano ni AS. Kwa nini wengi hivyo? Munganga Allison alionyesha mwaka 1954, kwa kazi aliyoifanya Afrika ya Mashariki, kwamba mtoto wa AS anaweza kustahimili malaria kuliko wa AA. Penye mbu wengi, S ililindwa.

AS akioa AS, hesabu ni ileile ya Yangambi. Kwa kila mimba: robo AA, nusu AS, robo SS. Nasema kwa kila mimba, maana hapa watu wanapotea. Wengine wanafikiri wakizaa mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa wazima. Hapana. Meyozi haikumbuki mtoto aliyetangulia. Nyumba moja inaweza kuzaa wagonjwa watatu wakifuatana, na jirani yake mwenye damu kama hiyo asizae hata mmoja. Ndilo jambo linalowafanya watu waseme mlozi amechagua nyumba. Tena mtoto SS amepokea S moja kwa baba na moja kwa mama. Mzazi mmoja peke yake hawezi kumpa mbili.

AS akioa AA, hakuna mtoto atakayekuwa SS. Kwa hiyo ni vema vijana wapimwe damu mapema, kabla ya kupeleka mali na kutangaza ndoa, kwa kipimo kinachoitwa elektroforezi. Lakini kipimo cha kawaida cha «mundu» kinachofanyika katika dispensari ndogo hakiwezi kutenganisha AS na SS, sherti katekista ajue hilo. Wakionekana wote wawili AS, si kizuizi cha ndoa katika sheria ya Kanisa, na padri hana ruhusa ya kuwakatalia. Kazi yake ni kuwaeleza hesabu, na kuwaachia wapime wenyewe.

Na mtoto SS akizaliwa, apelekwe kwa munganga tangu miezi ya kwanza, asingojewe mpaka maumivu. Penisilini kila siku mpaka miaka 5, chandarua na dawa ya kukinga malaria, chanjo zote, maji mengi ya kunywa, kujikinga na baridi. Na penye hospitali yenye kuipata, dawa ya hidroksiyurea, inayopunguza maumivu na haja ya kuongezewa damu. Homa yoyote ni ya kupelekwa siku hiyohiyo.